Nyumba Ina Wenyewe: Neno Moja Lililogeuzwa Mwishoni mwa Hadithi

Kwa miaka 34 niliyosimama mbele ya ubao, hakuna kanuni niliyoirudia mara nyingi kuliko hii: ubeti hupimwa kwa kituo chake. Mishororo ya mwanzo yaweza kuchechemea kidogo na msikilizaji akasamehe. Kituo kikichechemea, ubeti wote umelala chini. Mkufunzi wetu katika chuo cha ualimu alikuwa na desturi ya kutusomea shairi na kunyamaza kabla ya kituo cha ubeti wa mwisho. Hapo hutuuliza: "Haya, shairi hili linadaiwa nini?" Tulipojibu, ndipo alipotusomea kituo chenyewe, nasi tukaona kama mshairi amelipa deni au amekimbia.

Swali hilo la mkufunzi wangu nimelikumbuka mahali nisipotarajia, nikiwa nimeketi sebuleni na binti wa marehemu mdogo wangu, tukitazama sehemu ya mwisho ya tamthilia ya kutisha ya Kimarekani. Jina lake ni The Haunting of Hill House, ikaoneshwa na Netflix mwezi Oktoba 2018, sehemu 10, mwongozaji akiwa Mike Flanagan. Najua baadhi yenu, wapenzi wa lugha, mtashangaa mwalimu mstaafu wa fasihi ana shughuli gani na mambo ya mizuka. Nivumilieni. Na ambaye hajaitazama na hapendi kuambiwa mwisho wake, asome makala haya siku nyingine, kwa sababu mwisho ndio ninaotaka kuujadili.

Nianze na jina. Kiingereza kina kitenzi kimoja kwa jambo hili la wafu au viumbe visivyoonekana kuishika nyumba na kuwasumbua wakaao humo. Kiswahili hatuna kitenzi hicho kimoja. Tuna majina tele: mzimu, mzuka, pepo, jini, shetani. Lakini mtu wa Pwani akitaka kukuonya usipange nyumba fulani, mara nyingi hatatumia hata moja kati ya hayo. Atainamisha kichwa na kukuambia kwa sauti ya chini: "Nyumba ile ina wenyewe."

Tazameni usemi huo ulivyobeba mengi. Kwanza ni wa adabu, maana hauwataji wanaoogopwa. Pili, unampokonya mwenye hati haki yake. Wewe unayelipa kodi, au uliyejenga kwa jasho lako, ni mgeni, wapo wenyewe. Tatu, na hili ndilo linalonigusa zaidi, unabadilisha ngeli. Mzimu katika sarufi hukaa pamoja na mti na mlima: mzimu umekasirika, mizimu imekasirika. Wenyewe hukaa pamoja na watu: wamekasirika, wamelala, wamerudi. Kwa usemi huo, anayeishika nyumba ni mtu, na huenda ni mtu unayemjua. Kama ningeombwa kuitia tamthilia hii jina la Kiswahili, nisingehangaika. Ningeiita Nyumba Ina Wenyewe.

Sasa hadithi. Hugh na Olivia Crain, mume na mke wanaonunua majumba makuukuu, wakayakarabati na kuyauza, wanahamia katika jumba liitwalo Hill House pamoja na watoto wao watano: Steven, Shirley, Theodora, na pacha Luke na Eleanor, ambaye nyumbani huitwa Nell. Ni majira ya joto ya mwaka 1992. Usiku mmoja baba anawabeba watoto na kukimbia nao garini. Mama anabaki na kufa humo. Kilichotokea usiku ule baba hasemi, si kwa watoto wala kwa mtu mwingine, kwa miaka 26. Watoto wanakua kila mmoja na jeraha lake. Steven anaandika kitabu kuhusu mizuka asiyoiamini na kupata fedha. Shirley anafanya kazi ya kuwaandaa maiti kwa mazishi. Theodora anavaa glavu mikononi, maana kila agusapo hujua asichotaka kujua. Luke anatumbukia katika dawa za kulevya. Nell, aliyesumbuliwa tangu utotoni na mzuka wa mwanamke mwenye shingo iliyovunjika, anarudi katika jumba lile na kufia humo kwa kunyongwa. Ndipo tunapotambua kwamba mwanamke yule wa shingo iliyovunjika alikuwa yeye mwenyewe, akijitazama tangu utoto hadi mauti. Sijapata kuona kitendawili kilichoteguliwa kwa ukatili na kwa usanii mkubwa kiasi hicho katika televisheni.

Katika sehemu ya mwisho ndugu waliosalia na baba yao wanarejea jumbani kumwokoa Luke. Mlango wa Chumba Chekundu, ambao hapo awali haukuwahi kukubali ufunguo wowote, unafunguka. Nasi tunaambiwa siri yake: kumbe wote walikuwa wameingia humo mara nyingi bila kujua. Kwa Theodora kilikuwa ukumbi wa kuchezea dansi. Kwa Luke, kibanda cha juu ya mti. Kwa Olivia, chumba cha kusomea. Kilivaa sura ambayo kila mmoja aliihitaji ili atulie, na alipotulia, nyumba ikamla taratibu. Nell anawaeleza ndugu zake kwamba nyumba ni kama mwili, na chumba kile ndicho tumbo. Istiara hiyo ni kamili. Haikubandikwa kwa urembo. Inaeleza kila kilichotangulia, na mtazamaji anaweza kurudi nyuma na kuihakiki sehemu kwa sehemu. Hivyo ndivyo tulivyowafundisha vijana: taswira nzuri hufanya kazi katika shairi zima.

Lakini deni la hadithi hii lilikuwa kubwa zaidi ya siri ya chumba, na ili kulipima deni hilo ni lazima kurudi kwenye chanzo chake.

Tamthilia hii imetokana, kwa uhuru mwingi, na riwaya ya jina hilohilo ya Shirley Jackson, mwandishi wa Marekani, iliyochapishwa mwaka 1959. Katika riwaya hakuna ndugu watano. Kuna Eleanor, mwanamke aliyetumia miaka 11 akimuuguza mama yake, na baada ya mama kufa anakwenda katika jumba lile na watu asiowajua, wanaochunguza mambo ya mizuka. Hana kwake, hivyo jumba linampendeza. Wenzake wanapomwamuru aondoke kwa usalama wake, anaigongesha gari kwenye mti na kufa. Kwa hiyo riwaya ni habari ya mpweke aliyetafuta pa kukaa, akapata pa kufia.

Na hapa kuna jambo ambalo mshairi yeyote wa Kiswahili atalitambua mara moja. Jackson anaifunga riwaya kwa kurudia karibu neno kwa neno maelezo ya nyumba aliyoyatoa katika aya ya kwanza, na fungu lote hilo, mwanzoni na mwishoni, linaishia kwenye neno la upweke. Hicho ni kibwagizo. Kinasikika mara mbili tu, na baina yake umepita uhai mzima wa mtu. Mara ya kwanza ulikisoma kama maelezo ya jengo. Mara ya pili unakisoma kama hukumu. Maneno hayakubadilika, msomaji ndiye aliyebadilika. Ndiyo siri ya kibwagizo, nasi tunaijua tangu tulipoketi chini ya miembe kuitikia.

Tamthilia nayo imekichukua kibwagizo hicho na kukitia kinywani mwa Steven, yule mwandishi. Anakisoma mwanzoni. Mwishoni anakirudia, lakini neno la mwisho amelipindua: palipokuwa na "peke yake" sasa pana "pamoja". Ugomvi wote wa watazamaji kuhusu mwisho ule unaweza kukusanywa katika neno hilo moja.

Kwani kabla ya neno hilo, mambo yamekwisha kulainika sana. Hugh amefanya mapatano na mzuka wa mkewe: wana wafunguliwe mlango, yeye abaki. Amebaki, amekufa, yuko na Olivia na Nell. Steven amerudiana na mkewe, naye ni mjamzito. Shirley amemwungamia mumewe kosa la siku nyingi. Theodora ametupa glavu zake. Luke anakata keki kusherehekea miaka miwili bila dawa za kulevya. Mzee Dudley, mlinzi wa jumba, anambeba mkewe mgonjwa mahututi na kumwingiza ndani akafie humo, ili awe na binti yao aliyefia humo utotoni. Kisha inakuja sauti ya Steven na neno lake "pamoja".

Waliokasirika walisema huko ni kutia asali kwenye shubiri. Mwongozaji mwenyewe amepata kueleza kwamba aliwahi kufikiria kuliweka dirisha la Chumba Chekundu nyuma ya ndugu wale katika karamu yao ya mwisho, mtazamaji ashtuke kwamba hawakutoka kamwe na raha yote ile ni ndoto ya tumboni. Kisha akaiacha nia hiyo. Mimi nasema alifanya vema kuiacha. Kituo cha namna hiyo ni cha hila: humshtua msikilizaji kwa dakika moja na kumnyang'anya shairi zima. Anayelilia mwisho mchungu kwa sababu tu uchungu unaonekana kuwa wa watu werevu, hatofautiani na anayelilia mwisho mtamu.

Kwa hiyo silaumu utamu. Wala silaumu kukipindua kibwagizo. Malenga huweza kukihifadhi kituo kimoja katika beti zote na kukigeuza katika ubeti wa tamati, na geuzo hilo likawa ndilo shairi. Sharti ni moja: beti zilizotangulia ziwe zimelilipia neno jipya. Je, hapa "pamoja" limelipiwa?

Binti yangu, maana ndivyo nimwitavyo ingawa ni wa mdogo wangu, alisema ndiyo. "Shangazi," aliniambia, "tatizo la familia ile halikuwa mizuka. Walikuwa wametengana. Kila mmoja alikuwa na kipande cha habari na hakuna aliyewapa wenzake. Wamekutana, wamesemezana. Ndiyo maana pamoja." Hoja yake ni nzito, na ushahidi uko katika sehemu ya sita, ambapo ndugu wanakesha na jeneza la Nell na kamera inawazunguka kwa muda mrefu bila kukatwa, wote wakiwa katika chumba kimoja na kila mmoja peke yake.

Nikamjibu kwamba kwa hao walio hai nakubali. Keki ya Luke imelipiwa. Glavu zimelipiwa. Lakini "pamoja" la mwisho halikusemwa juu ya walio hai. Sauti ya Steven inaturudisha kwenye jumba, na inawasema wanaotembea humo. Hapo nina mashaka mawili.

La kwanza: jumba hili limemuua mtoto. Abigail, binti wa akina Dudley, alikunywa chai yenye sumu mkononi mwa Olivia, ambaye jumba lilikuwa limemtia wazimu hata akaamini kwamba kuwaua watoto ni kuwaamsha kutoka ndoto mbaya. Huyo ndiye mwenyeji. Nawaelewa wazazi wanaotaka kwenda alipo mwana wao, nani asiyewaelewa? Lakini kwa muda wa sehemu tisa tumefundishwa kwamba jumba humpa kila mtu sura aihitajiye ili atulie na aliwe. Katika sehemu ya kumi linawapa wafiwa sura ya mwana wao, nasi tunatakiwa kusahau tulichofundishwa. Kama si tumbo tena, limegeuka lini? Sijauona ubeti uliolipia badiliko hilo.

La pili ni kubwa zaidi. Usiku ule wa mwisho Hugh anamfunulia Steven sababu ya kimya chake cha miaka 26. Akina Dudley walimsihi asilichome jumba wala kulibomoa, wapate kumwona binti yao, nao hawangesema. Akaahidi, akanyamaza. Kimya hicho ndicho kilichowasambaratisha wanawe. Tumekiona kikiwatafuna mmoja baada ya mwingine. Na mara baada ya kukivunja, anafanya nini? Anamtwika mwana mmoja ahadi ileile: jumba lisimame. Hadithi inayotuambia kwamba siri iliwala watoto inamalizika kwa kurithisha siri, na muziki laini unatuambia huo ni upendo.

Hapo nilinyamaza, kwa kuwa niliona binti ananitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama. Akasema: "Shangazi, na chumba cha uani kule Muheza?"

Nyumba ya baba yetu Muheza ilikuwa na chumba cha uani alimolala mdogo wangu wa mwisho. Alirudi kutoka mjini mwaka 1990 akiwa amekonda. Miaka ile lugha yetu ilikuwa na shughuli kubwa ya kukwepa. Mitaani walisema amekanyaga miwaya. Wenye adabu walisema "homa ile" au "ugonjwa huu wa siku hizi". Neno rasmi, UKIMWI, lilikuwapo na maana yake iko wazi, Upungufu wa Kinga Mwilini, lakini nyumbani kwetu halikutamkwa hata mara moja. Alifariki mwaka 1991, na mkewe akamfuata mwaka uliofuata. Mtoto wao, aliyekuwa mzima wa afya, nikamchukua mimi. Baba alikifunga chumba kile, ufunguo akautia katika kibweta chake. Watoto walipouliza, aliwajibu kwamba kile chumba kina wenyewe.

Baba hakuwa mwongo. Aliogopa. Aliogopa mjukuu wake asije akatengwa shuleni, asije akakosa mchumba. Nami, mwalimu wa lugha, niliyejua vyema usemi ule una maana gani na unaficha nini, niliuitikia kama kibwagizo. Miaka ikapita. Binti aliponiuliza wazazi wake walikufa kwa nini, nilisema kifua. Baba alipofariki nilirithi kibweta, ufunguo na jibu.

Usiku ule wa tamthilia nilimwambia. Nililitamka neno lenyewe, kwa herufi zake zote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole uliozidi kunichoma: "Shangazi, mimi ni muuguzi. Nilijua tangu nikiwa chuoni. Nilikuwa nangoja mniambie."

Alingoja zaidi ya miaka 10. Kimya changu hakikumlinda na lolote. Kilimfanya aibebe habari ya wazazi wake peke yake, ndani ya nyumba iliyojaa watu waliompenda. Kwa sababu hiyo siwezi kuupokea mwisho wa Hill House kama unavyotakiwa upokewe. Najua Hugh alinyamaza kwa huruma. Baba yangu pia. Huruma yao ni ya kweli na haifuti gharama yake, na gharama haikulipwa na wao.

Hukumu yangu, basi, ni hii. Mwongozaji alikuwa na haki ya kulipindua neno, na neno "pamoja" ndilo lililodaiwa. Alikosea mahali pa kuliweka. Lingesemwa juu ya meza ya Luke, juu ya ndugu wanne wanaojua kila mmoja alichokuwa akijua mwenzake, lingekuwa kituo kisichotikisika. Kwa kulisema juu ya jumba, amewapa kuta zile heshima ambayo hazikuistahili, na kuwaacha walio hai wakiwa mishororo ya katikati. Hata hivyo, nampa mkono. Tamthilia mbovu isingenifanya niende Muheza.

Tulikwenda, mimi na binti, mwezi uliofuata. Kufuli ilikuwa imeshika kutu, ikabidi fundi aikate. Ndani tulikuta kitanda cha kamba, taa ya kandili, na shati lake moja likining'inia kwenye msumari. Binti alilichukua shati. Hakuna aliyetupinga.

Niliporudi nilitunga ubeti mmoja, na kwa kuwa nimewahukumu wengine kwa vituo vyao, ni haki nami nihukumiwe kwa changu. Wenye kalamu wanijibu kwa bahari hiihii:

Nimefungua mlango, nuru imejaa chumba,
Tulificha kwa urongo, aibu tukaipamba,
Majini hayana jengo, kimya ndicho chenye nyumba,
Nasema bila kinyongo: wenyewe sasa twaimba.